Kinu Kilichokaliwa na Serikali

Mgeni alipoingia, Baraza la Uhuru lilikuwa limekwama kwenye neno la tatu. Maneno mawili ya mwanzo wa Tamko letu, "Sisi ambao", yalipita bila ubishi, maana kila mjumbe alikuwa na hakika kwamba yeye ni sisi. Ugomvi ulizuka tulipotakiwa kusema sisi ambao nini. Tulikuwa hapo kwa siku kumi na moja. Bwana Nanga, Mwenyekiti wetu, alitaka tuandike sisi ambao tumeteswa. Bwana Sanduku, mwanasheria, alitaka sisi ambao tumeshinda. Bibi Mizani, aliyekuwa na mbaazi zinazomwagika shambani, alisema tuandike sisi ambao tuna njaa, kisha twende tukale.

Mlango ukasukumwa. Akaingia mama mmoja mtu mzima, miguu imejaa vumbi jekundu la milimani, begani amebeba mti mrefu uliolainika kwa kushikwa.

"Hodi," akasema, akiwa ameshafika katikati ya ukumbi.

"Mlingoti wa bendera huo," Bwana Sanduku akasema kwa furaha. "Niliwaambia utaletwa."

"Ni mchi," yule mama akasema. "Nimefuata kinu chetu."

Akanyoosha kidole. Wajumbe ishirini na saba tulikifuata kidole kile kwa macho, na kidole kilikuwa kimeelekea chini ya Mwenyekiti.

*

Niseme kwanza sisi ni nani, ingawa ndilo swali lililotushinda.

Tulikuja kwa merikebu. Sikuja mimi, alikuja babu yangu, lakini kwetu mtu husema nilikuja, na kuna asubuhi nyingine nakumbuka kabisa kichefuchefu cha safari ile. Mfalme wa Ng'ambo alitutuma tukakae nchi hii kwa niaba yake. Kila aliyeshuka pwani aliandikwa jina la kitu alichoshika mkononi. Aliyeshika nanga akaitwa Nanga. Aliyeshika sanduku akaitwa Sanduku, na watoto wake, na watoto wao. Babu yangu alishuka ameshika kizibo cha chupa. Chupa yenyewe alibaki nayo kaka yake ng'ambo. Ndiyo maana mimi, niliyesoma falsafa miaka minne na kupewa joho, naitwa Kizibo.

Lakini Baraza lilikuwa limekubaliana kwamba kila atakayetia sahihi Tamko la Uhuru atajichagulia jina jipya, lake na la kizazi chake. Mimi nilikuwa karani wa Baraza na pia mjumbe wa kitongoji chetu, kwa hiyo nafasi yangu ilikuwepo, mstari wa ishirini na saba, chini kabisa, kushoto. Mama yangu alikuwa ameshanichagulia jina. Alikuwa ameanza kulitarizi kwenye foronya kwa uzi wa kijani: MWANZO.

Sasa kuhusu Mfalme. Mfalme hakuwa mkatili, ila alikuwa mbali na hakupenda kuambiwa kwamba yuko mbali. Kwake jua lilipochomoza, sheria ilisema na kwetu limechomoza, hata kama nje ni giza la kutoboa kwa kidole. Tulilima kwa kupapasa. Tulipalilia vidole vyetu wenyewe. Jua la kwetu lilipotoka tulifunga madirisha, tukavaa nguo za kulalia, tukatakiana usiku mwema huku jogoo wakitushangaa. Vizazi viwili hatukuwahi kuona rangi ya mahindi tunayokula.

Siku moja saa sita mchana, yaani usiku wa manane wa kisheria, Bwana Nanga, wakati huo kijana, alishindwa kulala akafungua dirisha. Aliliona shamba lake kwa mara ya kwanza. Aligundua kwamba miaka yote amekuwa akilima barabara. Akalia, kisha akaenda kuwaamsha jirani zake, na vita vikaanza mchana ule ule. Siku mbili za kwanza tulishinda bila taabu, maana askari wa Mfalme walikuwa wamelala kwa mujibu wa sheria. Mmoja alifumbua jicho, akaona bunduki yake inachukuliwa, akakumbuka kwamba ni usiku, akalifumba. Bwana Nanga aliangukiwa na bunduki ile ile, akapoteza vidole viwili vya mguu. Siku ya tatu wakaamka, na tukazika watu kumi na tisa. Juu ya hao sitanii.

Vita vilichukua miaka arobaini, au alasiri moja, inategemea saa ya nani. Mwishowe Mfalme aliandika kwamba amechoka, tufanye tupendavyo. Nasi tukakaa kitako kuunda serikali.

Tulikaa juu ya nini, hilo hakuna aliyewahi kuuliza.

*

"Mama yangu anaitwa Bi Mashavu," mgeni alisema. Mwenyewe alikuwa Bi Sikudhani. "Siku mliyoshuka merikebuni mlikuwa na mtama, hamna cha kutwangia. Mama akawaazima kinu. Mkasema mtakirudisha kesho asubuhi."

"Kesho ipi?" Bwana Sanduku akauliza.

"Ile iliyofuata."

Bwana Sanduku akaniomba niliandike hilo, nikaliandika.

"Kwetu kinu huazimwa bila mchi," Bi Sikudhani akaendelea. "Mchi hubaki, nyumba isilale tupu. Anayeazima huja na wake. Nyinyi hamkuwa na mchi, na mkaona haya kuuliza."

Nikaikumbuka haya ile. Niliihisi masikioni, kama joto. Watu wazima wamelizunguka gogo lenye tundu, kila mmoja akijifanya anajua, hadi mmoja wao akalipindua, akakaa juu yake, akasema, kwa sauti ya mtu aliyejua tangu mwanzo, kwamba ni kiti. Na kwa kuwa alikuwa juu kuliko wengine, wakamsikiliza. Kuanzia siku ile kwetu neno halikuwa sheria mpaka lisemwe na aliyekaa pale. Ndoa zilifungwa pale. Vita vilitangazwa pale. Uhuru wenyewe Bwana Nanga aliutamka akiwa pale, akapanguswa machozi pale pale.

"Hiki kitu tundu lake liko chini," Bwana Sanduku akasema. "Kinu tundu lake liko juu. Basi si kinu."

"Kipindueni."

"Haiwezekani. Mwenyekiti amekaa."

Bwana Nanga akajikita zaidi. Alishika kingo za kile kitu kwa mikono miwili, kama mtu aliyepanda mnyama asiyemjua vizuri.

Bibi Mizani ndiye aliyeuliza la maana. "Mbona mmekaa miaka yote hii, dada yangu, leo ndiyo mnakidai?"

"Kesho yake ilikuwa harusi ya mama," Bi Sikudhani alijibu. "Kwetu bi harusi hutwanga unga wa kwanza kwenye kinu cha kwao. Bwana harusi akishakunywa uji wa unga ule, ndipo anapita mlangoni. Kinu hakikurudi."

"Basi harusi ikavunjika," Bibi Mizani akasema kwa huruma.

"Haikuvunjika. Haijaisha. Baba anapita dirishani."

"Tangu lini?"

"Tangu mlipotua. Ana miaka tisini na miwili sasa. Mwezi uliopita alinasa."

Bibi Mizani aliziba mdomo kwa upindo wa kitambaa chake, mabega yakimtikisika. "Na wewe je?"

"Mimi na wadogo zangu sita tumezaliwa katikati ya harusi," Bi Sikudhani akasema bila kucheka. "Lakini sikuja kuwachekesha. Mama ameacha kula. Kila mwezi nampaka hina upya, maana bi harusi hakai mikono mitupu, na sasa anasema amechoka kunukia. Anasema hafi akiwa bi harusi, na kuishi hawezi tena. Yuko hapo katikati. Amesikia mmeandika jambo juu ya vitu vya watu, akanituma niwaombe mnisomee."

Aliyeliandika jambo hilo ni mimi. Ilikuwa Ibara ya Kwanza, tuliyoipitisha siku ya kwanza kabla hatujakwama kwenye utangulizi. Nikasimama nikaisoma, na sauti yangu ilitetemeka kidogo kwa sababu niliipenda: hakuna atakayeshika cha mwenzake bila ridhaa ya mwenyewe, awe karibu au mbali, awe na nguvu au hana. Tulikuwa tumemwandikia Mfalme. Wajumbe, kwa mazoea, wakapiga makofi. Bwana Sanduku akasimama, kama alivyosimama kila iliposomwa.

Bi Sikudhani akasubiri makofi yaishe.

"Ahsanteni," akasema. "Basi namwomba Mwenyekiti anyanyuke."

*

Iliundwa kamati. Iliitwa Kamati ya Kuchunguza Kama Kinu ni Kinu, na ilipewa miezi mitatu, baada ya uhuru.

Nilimsindikiza mgeni nje, nikampa maji. Alikunywa akiwa ameuegemeza mchi ukutani kwa uangalifu, kama mtu anayemkalisha mzee.

"Miezi mitatu mama hana," akasema.

Ndipo nikatoa ahadi. Sikuwa na mamlaka ya kuahidi. Nilikuwa na huruma tu, na kiu ya kuona kitu nilichokiandika kikitembea kwa miguu yake. "Kabla jua la Ijumaa halijazama, mama, kinu kitakuwa mlangoni kwenu."

"Jua la nani?"

Nikalionyesha. Lilikuwa pale pale juu, linatuchoma wote wawili. "Hili."

Alinitazama kwa muda. "Unaitwa nani, mwanangu?"

"Kizibo."

"Eh," akasema, akaurudisha mchi begani. "Mama husema aliyekuja kuazima alikuwa kijana mpole, ana haya, mkononi kashika kizibo. Ndiye aliyesema kesho."

*

Anayetawala ni yupi, aliyekaa au kilichokaliwa? Nililala na swali hilo, nikaamka nalo limenilalia. Kama ni aliyekaa, basi aende akakae juu ya jiwe, atawale jiwe. Kama ni kilichokaliwa, basi miaka yote tumetawaliwa na chombo cha jikoni cha mwanamke ambaye hatukuwahi kumuuliza hali. Na Mfalme je? Labda na yeye huko ng'ambo amekalia ndoo ya mtu. Labda chini ya kila kiti cha enzi pana mtu anayesubiri kutwanga.

Sisi ambao. Sisi ambao tuliazima.

Nilijiona nina mikono ya babu. Nilijiona nashuka pwani, nina njaa, mlango umefunguliwa na binti mwenye hina mbichi kiganjani, hawezi kushika kinu isije ikafutika, ananiambia kibebe mwenyewe. Nasema kesho. Nasema kwa moyo safi kabisa. Hapo ndipo ninapoogopa, kwa sababu moyo wangu sasa ni safi vile vile, na usafi haukumsaidia kitu.

Sisi ambao tuna nia njema.

Alhamisi nikamfuata Bwana Nanga. Nilimkuta peke yake ukumbini, amekaa pale pale, amevua kiatu cha mguu wenye vidole vitatu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Najua ulichofuata. Nani alikutuma uahidi kwa niaba ya serikali ambayo haijazaliwa?"

"Hakuna, mzee. Lakini ndiyo ahadi yake ya kwanza. Tukiivunja, itakuwa imezaliwa na kitu kilichovunjika."

"Maneno ya chuoni hayo." Alikisugua kisigino. "Unadhani sijui hiki ni nini? Nimekikalia miaka arobaini. Kitako changu kinajua kila pindo la mti huu. Ila nikinyanyuka, Kizibo, watauliza nani alisema sisi ni huru, na alikuwa amekalia nini aliposema. Watu kumi na tisa wako udongoni kwa neno lililosemwa hapa."

"Neno lilikuwa lako, mzee. Halikuwa la kinu."

Akakivaa tena kiatu. Kisha akasema, kwa upole uliouma zaidi kuliko ukali, "Sahihi ni kesho saa tisa. Atakayekigusa hiki, jina lake halitaingia. Mama yako ameshamaliza ile foronya?"

"Bado irabu moja," nikasema.

*

Kuna jambo ambalo katika Tamko lote hatukuliandika: kwamba tulikuwa tumeupata mchana, lakini miili ilikuwa haijaambiwa. Kila ilipofika saa sita, wajumbe waliolelewa kwa saa ya Mfalme walianza kusinzia, mmoja baada ya mwingine. Bwana Sanduku alilala akiwa amesimama, kidole hewani. Wapigania uhuru wa mchana walikoroma mchana kweupe.

Ijumaa saa sita nikaingia. Bibi Mizani alikuwa amelalia vazi la mwenzake. Bwana Nanga alikuwa amelala juu ya kinu, kidevu kifuani. Nilisimama mbele yake nisijue nimshike wapi. Nilijaribu kwapani. Nilijaribu magotini. Mwenyekiti wa nchi ni mzito kuliko anavyoonekana kwa mbali.

Akafumbua jicho moja.

Tulitazamana. Nikafikiria kujieleza, nikakosa sentensi yenye urefu unaofaa.

"Nimelala," Bwana Nanga akasema. "Unaniona nimelala."

"Naona, mzee."

Akanyanyuka, polepole, jicho moja wazi na jingine limefumbwa, akachechemea hadi ukutani, akateleza chini, akakaa sakafuni kama mtu yeyote. Chini ya kinu alitoka panya, akanitazama kwa dharau ya mpangaji wa siku nyingi, akaondoka bila kukimbia. Nikasokota ngata kwa joho langu la chuo, nikakitwika kinu kichwani, nikatoka.

Kilikuwa kizito. Nasema hivyo kwa sababu vitabuni watu hubeba alama kwa wepesi. Mimi nilipumzika mara tisa. Shingo iliniingia kifuani, na pale karibu na kijito nilianguka nacho, kikabingirika kurudi kijitoni, nikakifuata nikikibembeleza kwa majina mazuri. Nilipofika nusu ya mlima nikasikia kengele kutoka chini. Ilikuwa saa tisa. Walikubaliana igongwe mara moja kwa kila jina litakaloandikwa, nami nikakaa chini nikasikiliza. Ikagongwa, ikagongwa. Baada ya mlio wa ishirini na sita nilisubiri mmoja zaidi. Nilijua haupo. Nilisubiri tu, kama mtu anayesimama mlangoni baada ya wageni kuondoka. Nilimfikiria mama na ule uzi wa kijani. Kisha nikainama, nikakitwika tena.

Baadaye niliambiwa kwamba walipoamka walitafutana huku na huku, na kwa kuwa hapakuwa na mahali pa Mwenyekiti kukaa, wote kwa heshima hawakukaa. Walijadili neno la tatu wakiwa wima. Bwana Nanga mguu ulimuuma. Baada ya dakika tano likapatikana. Tamko letu, ukilisoma leo, linaanza: Sisi ambao tumesimama.

*

Nyumba ilikuwa na dirisha ambalo kizingiti chake kilikuwa kimelika katikati kama kisu cha zamani, na mlango ambao mbao zake zilikuwa bado mpya. Bi Sikudhani alikuwa nje, amekaa juu ya mkeka karibu na mama yake. Bi Mashavu alikuwa mdogo kama mtoto, amefunikwa shela, mikono yake yenye hina imelala mapajani. Nikakitua kinu mbele yake, tundu juu. Nikapiga magoti bila kukusudia.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Umechelewa."

"Ndiyo, bibi."

"Ulisema kesho."

Ningeweza kumwambia kwamba si mimi. Nilitafuta mpaka uliopo kati yangu na yule kijana wa pwani, sikuuona. "Nilisema kesho," nikajibu.

"Na leo ni lini?"

Nikageuka kulitazama jua. Lilikuwa limebaki upana wa kidole juu ya kilima.

"Leo ndiyo kesho, bibi."

Akaitikia kwa kichwa, kana kwamba hesabu yake na yangu zimelingana. Bi Sikudhani akakifuta kinu ndani kwa kitambaa chenye maji, akamimina mtama, akamsimamisha mama yake. Tulimshika huku na huku. Bi Mashavu akaushika mchi kwa mikono yote miwili, akauinua kiasi cha shubiri moja, akauachia. Nilikuwa sijawahi kuusikia mlio ule, na niliujua. Akatwanga mara ya pili, na ya tatu. Bi Sikudhani alitaka kumsaidia, akasukumwa kwa kiwiko.

"Harusi ni yangu," bibi akasema. "Yako kafanye kwako."

Uji ulikuwa mwepesi, wenye vipande vizima vya mtama. Bi Sikudhani akaupeleka dirishani, ambako Babu Pazi, bwana harusi, alikuwa ametoa kichwa muda wote huo akitazama. Akaunywa wote. Akapangusa ndevu. Akatoka kupitia dirisha lile kwa mara ya mwisho, goti moja, halafu jingine, huku akilaani kizingiti kwa sauti ya chini, akaizunguka nyumba akishika ukuta, akafika mbele ya mlango.

Mlango ulikuwa wazi. Bi Mashavu alikuwa ameshaingia, tukimshikilia, anamngoja ndani.

Babu Pazi akasimama. Akautazama mlango juu hadi chini, akashika mwimo kwa mkono mmoja, akavuta pumzi, kisha akauinua mguu juu kabisa, hadi usawa wa kifua, kama ulivyokuwa umezoea, akauvusha hewani taratibu pasipo na kizingiti, akaingia.